Viti vya Sinema Jupita

Merewalesi wa Vatuloa, Walesi kwa wengi, hajawahi kukosea. Anayeona amewahi, aende akamwambie mwenyewe. Nyumba yake ni ile ya bati la kijani nyuma ya soko la mji wetu wa Nawaidra, hapa Fiji, na mlango hauna komeo. Wengi wameingia mle na ushahidi wao mkononi, wakatoka na sahani ya mihogo, ushahidi wameusahau ndani.

Alikuwa na miaka kumi na sita alipotoka kijijini Vatuloa, mwendo wa nusu saa tu kwa miguu, akaja mjini kutafuta kazi ya kufagia Sinema Jupita. Mzee Munsami Goundar, aliyeijenga Jupita kwa jasho la mashamba ya miwa ya baba yake, alimuuliza kama anajua kusoma.

"Ufagio hauna maandishi," akajibu.

Mzee Munsami alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akampa kazi. Mwaka wa tatu akampa na tochi, na hapo ndipo enzi ya Walesi ilipoanza. Ukichelewa kuja, alikumulika usoni kwanza, ukumbi mzima ukujue, ndipo akakumulikia njia. Vijana waliokaa wakiegemeana aliwamulika magoti. Wala hakusema neno. Tochi ilisema.

Kihindi chake amekiokota humo, kwenye picha, miaka thelathini amesimama nyuma ya ukumbi. Ndiyo maana Kihindi chake chote ni cha watu wanaokufa au wanaoapa kulipiza kisasi. Hata leo akienda dukani kwa chumvi, huiomba kama mama anayemtetea mwanawe mbele ya hakimu, na muuza duka, maskini, humwongezea kidogo huku machozi yanamlengalenga.

Katikati ya hayo aliolewa na dereva wa lori la miwa, akazaa wanne, akamzika mume, akalea wajukuu. Lakini ukimuuliza maisha yake yalivyokwenda, atakuanzia na Jupita.

Halafu zikaja kanda za video, kila nyumba ikawa na sinema yake juu ya kabati. Watoto wa Goundar wakahamia Brisbane mmoja mmoja. Mwisho akaondoka mzee mwenyewe, hataki, anavutwa mkono. Pale kituo cha basi, mbele za watu, alimwita Walesi akamtia ufunguo kiganjani.

"Merewalesi, nitunzie."

"Nitakutunzia, mzee."

Miaka ishirini na miwili ufunguo ule umening'inia shingoni mwake. Mzee Munsami alifia hukohuko ugenini. Mvua ikala mabati, popo wakahamia darini upande wa mbele, na mpapai ukaota kwenye dirisha la tiketi ukazaa matunda matamu kweli. Walesi akawa anafungua kila Jumatatu, anafagia, anafunga. Waliompita walimcheka. Naye aliwajibu kwa Kihindi, kwa yale maneno ya kisasi.

Sasa mwaka huu akashuka Shalvina. Binti wa mtoto wa mwisho wa Mzee Munsami, miaka thelathini hajafika, amesomea mambo ya majengo, amekuja na mabegi mawili na kofia ya ujenzi ya manjano. Yule binti alisimama barabarani akaitazama Jupita kama mtu anayemtazama babu yake hospitali. Akasema ataifufua.

Lakini jengo si lake. Ni la baba yake mkubwa, Permal, mtoto wa kwanza wa mzee, na Permal alikuwa ameshakubaliana kwa mdomo na mfanyabiashara mmoja anayetaka kuifanya Jupita ghala la saruji. Shalvina alimlilia kwenye simu usiku na mchana. Mwisho mzee yule wa Brisbane akasema:

"Nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, siku ya kumkumbuka baba. Nionyeshe picha moja ya sinema, na ukumbi umejaa watu wameketi. Sitaki picha za kwenye simu. Nikikuta tupu, Jumatatu yake natia saini."

Ndiyo hivyo. Jumamosi moja, ukumbi uliojaa, ama saruji.

Shalvina akaajiri mafundi wanne, mkubwa wao Mzee Inoke wa Nukubale. Wakang'oa mpapai, wakaondoa popo kwa heshima, wakapiga lipu na rangi ya waridi kama ya zamani. Siku ya kwanza kabisa binti alimuuliza Walesi, "Bibi, na viti? Babu aliniambia vilikuwa mia mbili na arobaini, mbao nzuri na miguu ya chuma. Vipo?"

"Vipo, mwanangu," akasema Walesi.

"Naomba ufunguo wa ukumbi nivione."

"Dari ya humo imelegea, itakuangukia utosini. Anzeni na mbele. Mtu hukaribishwa kwa mlango."

Shalvina akaona ni hekima ya wazee. Akaanza na mbele.

Basi sasa niwaambie habari ya viti.

Mwaka wa pili tangu mzee aondoke, Vatuloa walipata msiba mkubwa, na wageni wa serikali walikuwa wanakuja na suruali zao za kubana, zile ambazo mtu hawezi kukaa nazo mkekani. Mkuu wa kijiji akaja mlangoni kwa Walesi. Akaketi chini. Akapiga makofi yale ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa, akainamisha kichwa, akaomba viti vinane vya Jupita. Kwetu mtu akikuomba hivyo, na ni wa kwenu, neno la kukataa halipo. Kumkatalia ni kujivua nguo barabarani. Walesi akatoa vinane.

Wakaja wa kanisa. Wakaketi chini, wakapiga makofi. Ishirini na vinne. Wakaja wa uwanja wa raga, wachezaji wa akiba wanakaa kwenye matope. Kumi na sita. Shule. Zahanati. Mchungaji, kwa ajili ya baraza lake. Banda la kituo cha basi, kwa ajili ya wajawazito. Jagdish kinyozi ni Mhindi, lakini amezaliwa hapa na anajua taratibu: akaketi chini vizuri kuliko Wafiji wenyewe, akapata vinne. Viti vilikuwa vimefungwa vinne vinne kwa chuma, kwa hiyo hata aliyetaka kimoja aliondoka na vinne. Na kila mara Walesi alijisemea, hivi tu.

Hakuna aliyerudisha, na nani angerudisha, kama hajaambiwa? Na kukidai ulichokitoa kwa kuombwa ni kumtia mtu kidole mdomoni umtoe tonge. Alikuja kuitambua hesabu Jumatatu moja alipokuwa anafagia, akasikia sauti ya ufagio wake inamrudia kutoka ukutani.

Vilibaki thelathini na viwili. Siri hiyo alikuwa nayo yeye, ufunguo, na Mungu. Mpaka Mzee Inoke alipopanda juu ya paa.

Hapa lazima mjue kwamba watu wa Nukubale na watu wa Vatuloa ni watani, tangu enzi za mababu. Watu wa Vatuloa huitwa wala chambo, kwa kuwa inasemekana walikwenda kuvua wakala chambo kabla ya kufika majini. Watu wa Nukubale wao waliezeka kanisa kabla ya kusimamisha kuta, wakakaa chini ya miti wakingoja kuta ziote. Inoke na Walesi wametukanana miaka arobaini, sokoni, kanisani, hata kwenye msiba wa mume wa Walesi, ambapo Inoke alilia sana kisha akala kuku mzima wa wafiwa, na hakuna aliyeweza kusema kitu, maana ni mtani.

Siku hiyo, zikiwa zimebaki siku tisa, Inoke alikuwa anatoa bati bovu. Akachungulia ndani. Kisha:

"We mla chambo!"

Walesi alikuwa chini anachambua mboga. "Nini, we paa bila kuta?"

"Humu ndani ni ukumbi wa sinema au uwanja wa kutua ndege?"

"Shuka! Usiniongeleshe kutoka juu kama malaika. Hukuitwa kuchungulia, umeitwa kupiga misumari."

Inoke akashuka ngazi polepole, anafurahia kila kipago. Akamsogelea, akashusha sauti. "Walesi. Viti viko wapi?"

"Vimeanikwa."

"Vimeanikwa wapi?"

"Juani."

"Miaka ishirini na miwili ya jua! Basi vitakuwa vimekauka kama dagaa." Akashika tumbo akacheka bila sauti, machozi yanamtoka. "Sasa naelewa kwa nini mchungaji wenu ana baraza zuri kuliko la gavana."

"Ukimwambia yule binti..."

"Mimi? Nimwambie? Nikose raha ya kukutazama siku tisa zote?"

Walesi hakulala vizuri wiki ile, ingawa atakana. Akasema atavirudisha mwenyewe, kwa akili, bila kudai. Akavaa gauni la kanisani akaenda kwa Mchungaji Sakiusa mchana kweupe. Mchungaji alikuwa barazani, ameketi kwenye kiti cha Jupita, miguu ameinyoosha juu ya kingine, Biblia iko juu ya cha tatu.

"Karibu, mama yetu, karibu! Kaa hapa." Akapigapiga kile cha nne.

Walesi akakaa. Akakisifu. "Kiti hiki chuma chake ni cha zamani. Kizito."

"Kizito sana."

"Huenda kinakuchosha mgongo, baba mchungaji. Mbao tupu."

"Mgongo? Tangu uvitoe viti hivi mgongo wangu haujanisumbua. Kila jioni nikiketi hapa, Merewalesi, nakuombea wewe kwa jina."

Sasa utamwondoaje mtu kwenye kiti anachokuombea? Walesi akashusha pumzi, akatafuta njia nyingine. "Nilikuwa nafikiri tu, sinema inafufuliwa..."

"Jambo jema! Na umenikumbusha." Mchungaji akateremka kutoka kitini, akaketi sakafuni, na Walesi akaona viganja vinakunjwa. "Kwaya yetu ya wanawake wanasimama muda mrefu mno. Kama kule ndani kumebaki viti vinne..."

Na Walesi, aibu iliyoje, alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Akajifanya amepaliwa. Akakohoa mpaka lango la nje, akakohoa mpaka sokoni.

Zikabaki siku tatu. Shalvina akaanza kumwomba ufunguo asubuhi na jioni, na uso wake umepungua kwa wasiwasi. Tayari kibandiko kilikuwa kimetundikwa mlangoni, kwa Kifiji, Kihindi na Kiingereza: Jumamosi, saa nane mchana, picha ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Watoto wa shule walipita wakikisoma kwa sauti. Walesi hakuhitaji kukisoma.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Alhamisi wakati wa chai alifunga kwenye gazeti mzizi wa kava, ile zawadi ya mwombaji ambayo husagwa ikanywewa, ule aliouweka kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu, akauchukua kwa mikono miwili mpaka kwenye banda la mafundi. Inoke alikuwa ameketi mkekani na roti, ile chapati nyembamba, na viazi. Alipomwona anaingia ameinama, na mzizi mkononi, roti ilisimama njiani kwenda mdomoni.

"Jamani," akawaambia wenzake. "Sogeeni. Acheni randa. Leo nitakufa nimeridhika."

Walesi akaketi chini. Akauweka mzizi mbele yake. Akapiga makofi ya taratibu, kila pigo linamtoka kama jino. "Mtani wangu," akasema, "nimekuja kuomba."

"Sikusikia vizuri. Masikio yangu ya Nukubale ni mazito."

"Nimekuja kuomba, shetani wewe!"

"Ah. Sasa nimekusikia. Endelea."

Akamweleza. Yeye hawezi kudai alichokitoa. Lakini mtani haombi. Mtani wa Vatuloa huingia nyumba yoyote ya Vatuloa akachukua akipendacho, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukasirika, ana ruhusa ya kutukana na kucheka tu. Na viti vingi viko kwa watu wa Vatuloa.

Inoke alimsikiliza amefumba macho kama anasikiliza kwaya. "Kwanza sema ulikosea."

"Sikukosea. Niliombwa."

"Walesi."

"Niliombwa! Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Inoke akafikiri, na kwa kuwa ni mtu wa haki, akaliacha hilo. "Basi sema mtu wa Nukubale ana akili kuliko mtu wa Vatuloa."

Mafundi waliacha kutafuna. Nje lori la miwa lilipita, likapita lote. Mwisho Walesi akasema, akitazama ukuta:

"Ana akili kuliko sisi, siku ya Ijumaa."

"Ijumaa yoyote?"

"Ijumaa hii. Mpaka saa kumi."

Inoke akaupokea mzizi wa kava.

Ijumaa asubuhi Inoke aliingia Vatuloa na lori na wanaume sita wa Nukubale, vifua mbele, wanaimba. Kina mama wakatoka nje na miiko. "Wezi! Wajenga paa! Mmechoka kungoja kuta ziote?" Nao wakajibu, "Nyamazeni, wala chambo, tumekuja kuwapunguzia mzigo!" Wakaingia jumba la kijiji wakatoa vinane. Uwanja wa raga, kumi na sita. Kanisani walivua kofia, wakasali kwa kifupi, wakabeba ishirini na vinne. Kwa Mchungaji Sakiusa walimkuta anaomba amefumba macho, na alipofumbua alikuwa ameketi kwenye ngazi. Lakini mchungaji naye ni mtoto wa Vatuloa. Alicheka huku akimtupia Inoke ndala, ya kushoto kisha ya kulia. Jagdish kinyozi hakuwa mtani wa mtu. Yeye alimnyoa mteja wake upande wa pili haraka, akavibeba vyake mwenyewe mpaka kwenye lori, hataki kupitwa na jambo.

Kosa ni kwamba mtani ukishamfungulia mlango, humwambii asimame wapi. Alasiri lori lilipofika mbele ya Jupita lilikuwa na viti vya sinema zaidi ya mia na themanini. Vilevile lilikuwa na viti vya plastiki, kochi la mwalimu mkuu, kiti cha magurudumu cha zahanati, birika la mchungaji, na nguruwe mmoja aliyefungwa miguu.

"Nguruwe ataangalia picha?" akauliza Walesi.

"Ana akili kuliko nusu ya kijiji chenu. Na saa kumi haijafika, kwa hiyo huwezi kunibishia."

Hapo ndipo Shalvina alipotoka kwa mbele, rangi ya waridi puani. Akatazama lori. Akasoma chuma cha pembeni, pale jina Jupita limechorwa kwenye kila mguu. Akageuka.

"Bibi. Viti vyetu vinatoka wapi?"

Walesi alivua ufunguo shingoni, akafungua ukumbi. Wakaingia wote. Sakafu ndefu, tupu, inateremka mpaka jukwaani, na kwenye kona vile thelathini na viwili. Inoke alikigusa cha kwanza kwa kidole. Kikakaa chini chenyewe, taratibu, kikawa unga. Mchwa walikuwa wamekula vyote kwa ndani, wameacha rangi tu.

Hakuna aliyecheka. Shalvina alisimama katikati ya sakafu ile, sauti yake ndogo. "Nimekuuliza wiki sita, Bibi. Kila siku ukaniambia vipo. Kesho baba mkubwa akiniuliza, nitamjibu nini?"

Walesi alikuwa na majibu mia. Alimtazama yule mtoto, mdomo wa babu yake uleule, akaona anakaribia kulia na anajizuia kwa ubishi.

"Mwambie aniulize mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeachiwa." Kisha akamtia ufunguo kiganjani, akashika mlango: "Sasa wape watu hao njia, wanatoa jasho bure."

Walifunga nati mpaka jua kuzama. Viti vilikuwa vinatosha. Kilichobaki ni watu, na Shalvina hakujua kama watakuja, kwa vile vijana siku hizi wanatazama picha kiganjani.

Jumamosi, saa sita mchana, saa mbili nzima kabla, Vatuloa yote ilikuwa njiani. Hawakuja kwa ajili ya picha. Walikuja kufuata vitu vyao. Mwanakijiji hawezi kumkasirikia mtani, lakini hakuna mila inayomkataza kwenda kukaa juu ya kiti chake kukilinda. Wakaja na mihogo ya kuchemsha, samaki wa kopo, karanga, watoto, mito. Kila mmoja akakitafuta chake, akakitambua kwa mkwaruzo au kwa bazoka iliyotafunwa na kubandikwa chini, akakaa. Wa raga wakakaa na wa raga. Kwaya wakakaa kwa sauti zao. Mwenye nguruwe akakaa na nguruwe. Mwalimu mkuu akajitandaza kwenye kochi lake katikati ya njia, Inoke akamwambia asogee, naye akamwambia Inoke akaezeke kitu.

Wahindi wa mjini walipoona Wafiji wamejaa namna ile wakadhani kuna kitu cha bure. Wakaja na wao, na mifuko ya bajia.

Permal Goundar alishuka kwenye teksi saa nane kasoro kumi, viatu vinang'aa, goti moja bovu. Alikuwa ameandaa uso wa kusikitika. Akaingia ukumbini, na uso ule ukakosa kazi. Alitafuta pa kukaa.

"Hicho ni cha baba mchungaji, kaka, amekwenda kunywa maji."

"Hapo anakaa mama."

"Hicho cha magurudumu usiguse, ni cha zahanati, breki haishiki."

"Mimi ndiye mwenye jengo hili," akasema Permal, kwa upole.

"Hongera," akajibu mama mmoja wa kwaya. "Lakini kiti ni changu."

Mwisho kabisa, mbele, chini ya kitambaa cha kuonyeshea picha, walikuwako vikongwe wa Vatuloa kwenye mkeka, wasiopenda viti tangu zamani. Wakasogea. Mtoto wa kwanza wa Munsami Goundar akavua viatu vyake vinavyong'aa akakaa chini katika sinema ya baba yake, magoti yakilalamika, na mtu akampa kipande cha muhogo.

Picha ilikuwa ya Kihindi, ya zamani, ya mama aliyepotezana na wanawe wawili sokoni. Ilionyeshwa kwa mashine ndogo ya Shalvina isiyozidi ukubwa wa mkate. Mama alipowapoteza wanawe ukumbi ulinyamaza. Alipofika mbele ya hakimu, Walesi, aliyekuwa amesimama nyuma ukutani, alianza kuyasema maneno yake kabla hayajasemwa, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Jagdish kinyozi alilia mpaka akakunyima bajia ulizompa akushikie.

Taa zilipowaka Permal hakuinuka. Goti lilikuwa limegoma. Walesi akashuka mpaka mbele, akampa mkono, akamvuta kama gunia la dalo, yale magimbi makubwa.

"Baba alikuachia viti mia mbili na arobaini," akasema Permal, bado amemshika mkono.

"Aliniachia."

"Ukavigawa."

"Niliombwa."

"Vyote?"

"Nilibakiza thelathini na viwili. Hivyo vimeliwa na mchwa. Vilivyopona ni vile vilivyokaliwa na watu. Ungetaka niviweke vyote humu uje kuzoa unga?" Akakaza shingo. "Hasira zako nipe mimi. Huyo mtoto hakujua. Mimi nilimwambia uongo, na ni uongo mmoja tu, niliurudiarudia."

Shalvina, aliyekuwa pembeni, akatazama sakafu, bega linamtikisika. Kucheka au kulia, hakuna aliyeuliza.

Permal alimtazama yule mwanamke. Kisha akaugeukia ukumbi, mahali ambapo watu mia mbili na zaidi walikuwa hawana dalili ya kuondoka. Ukiinuka wa kwanza, Nukubale watakichukua kiti chako. Walikuwa wanakula. Mchungaji ameshalala.

Simu yake ikalia. Alikuwa yule mfanyabiashara wa saruji. Permal akaiweka sikioni.

"Ndiyo, nimefika. Hapana, si tupu... Siwezi kukupa likiwa tupu, bwana. Utakuja kuwatoa wewe? Njoo uwatoe. Hapana, si Jumatatu. Wala Jumanne." Akaikata, akaitia mfukoni, akamwambia Shalvina kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na hajaumia, "Mwaka mmoja. Tutaona. Na tafuta fundi wa viti thelathini na viwili, mimi siwezi kukaa chini tena."

Walesi hakusema asante, hajazoea. Alikwenda kusimama mlangoni, kuhakikisha nguruwe anatoka na mwenyewe.

Pale mlangoni mwalimu mkuu alimfuata. Akajishusha kwenye vigae vipya, mtu mzima na tai yake, akaketi, akakunja viganja. Mwezi wa kumi shule ina siku ya zawadi, na mvua za mwezi wa kumi anazijua kila mtu, kama wangepewa Jupita kwa siku moja tu, au mbili...

"Usiniombe mimi," akasema Walesi haraka, akageuza uso. "Mimi sina ufunguo tena. Muombe huyo."

Mwalimu mkuu akajizungusha palepale alipoketi, akamwelekea Shalvina, akapiga makofi yale ya taratibu na kuinamisha kichwa. Shalvina, mhandisi wa Brisbane, kofia ya manjano kwapani, akamtazama mzee yule sakafuni. Akawatazama watu waliokuwa wanatazama. Mashavu yakamwiva.

"Ndiyo," akasema. "Sawa. Siku mbili."

"Na viti ishirini tungevitanguliza shuleni wiki hii, kwa mazoezi?"

"Ndiyo," akasema Shalvina, macho yamemtoka.

"Umeona?" akapiga kelele Walesi, anamnyooshea kidole mbele ya mji mzima. "Umeona sasa? Mimi nilisimama mbele ya makofi hayo miaka ishirini na miwili. Wewe hata dakika!"